Kaburi Nililolifuta kwa Kidole

Jumapili iliyopita niliwaacha pale Sori, droni ya studio imezama ziwani mbele ya maharusi, bibi harusi analia, na mwenye studio ananiambia nitafute njia yangu ya kurudi Migori. Kwa wanaoanza kunisoma leo, mimi ni Bhoke. Nina miaka ishirini na minne, nilisomea upigaji picha chuoni, na nina leseni ya kurusha droni. Tena naona haya. Watu watatu wakiniangalia kwa pamoja, maneno yananikauka mdomoni. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililofanya haya yote.

Wiki mbili baada ya Sori, simu ililia.

"Wewe ndiye ulizamisha droni kwenye harusi?"

"Ndiyo."

"Mimi naitwa Mayaka. Nauza ploti. Ploti zangu ziko nchi kavu. Kuja kesho."

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu harusi ile. Nilimpenda mtu huyo kabla sijamwona. Nakiri hivyo ili mjue nilianzia wapi.

Ofisi ya Mayaka iko Migori mjini, juu ya duka la mbolea. Alikuwa na droni mpya ndani ya sanduku na hana mtu wa leseni. Kazi ilikuwa rahisi. Mwenye shamba ananionyesha mipaka, narusha droni, napiga picha kutoka juu. Nikirudi ofisini nazisafisha. Kusafisha ni neno la Mayaka. Ng'ombe wa jirani, choo kilichoanguka, nguo zilizoanikwa kwenye ua, vyote vinafutwa. Kisha nachora mstari mwekundu kuzunguka ploti, na chini yake naandika: Ardhi tupu, tayari kwa kujengwa. Halafu jina langu na nambari ya leseni.

"Kwa nini jina langu, bosi?"

"Mtu akiona kuna rubani anaamini. Watu hawanunui shamba, Bhoke. Wananunua picha. Shamba wanalikuta baadaye."

Nilisafisha ploti nyingi. Kisha akanituma upande wa Homa Bay, mbele kidogo ya Kendu Bay, kwenye kijiji ambacho jina lake nalificha.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja anaitwa Javan. Alinipokea barabarani akiwa na viatu vyeupe na mwavuli, na jua lilikuwa kali.

"Unaona ule ua wa ojuok?" akaniuliza. Ojuok ni ule mmea wa utomvu mweupe ambao Wajaluo huzungushia boma. "Ndani ya ua anakaa mjane wa ndugu yangu. Nje ya ua, mpaka majini, ni mimi. Hati ina jina langu."

Nikarusha. Kutoka juu, boma lilionekana kama duara la kijani lenye nyumba moja ya mabati. Nje yake palikuwa na nyasi zinazoteremka hadi ziwani, mti mmoja uliokauka nusu, na kando ya mti, tuta lenye mawe.

"Hicho ni nini, Mzee?"

Javan akainamia skrini.

"Kichuguu."

"Kina mawe."

"Mchwa wa huku wamesoma, nyar Kuria, binti wa Wakuria. Wanajenga kwa mawe."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu mtu mzima akicheka huwa nacheka.

Mama mmoja akatoka kwenye ua amebeba kikombe cha uji. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha buluu kichwani, na alitembea akiitazama droni badala ya njia.

"Hiyo nyuki yako inakula nini?"

"Betri, Mama."

"Na wewe unakula nini? Umekonda hivi, upepo ukija utapeperuka na nyuki yako. Kunywa."

Ndiye Phelesia, yule mjane. Javan akaniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Shemeji, huyu ni mtu wa serikali. Anapima mvua."

"Yawa! Basi aandike kwamba hapa hainyeshi."

Nilikuwa na uji wake mdomoni. Niliumeza. Sikusema mimi si mtu wa serikali.

Mayaka alitaka picha siku hiyo hiyo. "Mti mbovu toa," alisema akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Anayenunua anataka aone maji. Na hiki kidude je?"

"Kichuguu."

"Toa."

Haikuchukua hata dakika. Unaweka kidole kwenye skrini, unavuta, nyasi za kando zinakuja kujaza. Nilifanya kazi nzuri. Nilipomaliza, hata mimi nisingeweza kuonyesha mti ulikuwa wapi. Mayaka alikuwa amekwisha kushuka chini, nikamtumia ujumbe: "Kichuguu kimetoka, bosi. Picha ni safi."

Ujumbe huo nao muukumbuke.

Wiki iliyofuata akanirudisha kule na mnunuzi. Anaitwa Elkana, ametajirika kwa machimbo ya dhahabu ya Osiri, na anataka kujenga hoteli ziwani. Yeye na Javan wakateremka kuangalia maji. Mimi nikabaki juu na sanduku langu.

Phelesia alikuwa amepiga magoti kando ya kile kichuguu, anang'oa magugu kati ya maua.

"Mtu wa mvua! Njoo umsalimie Beverly."

Nikaangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu.

"Beverly ni nani, Mama?"

"Msichana wangu." Akapiga udongo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Miaka mitatu sasa. Alikuwa na mimba, akafa nayo. Hakuwa ameolewa. Na kwetu msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma, analazwa nje ya ua. Niliwaomba wazee wamlaze karibu na mlango wangu, wakakataa. Basi nikamtafutia huu mti, angalau apate kivuli."

"Hakuna msalaba."

"Ulikuwepo. Mchwa waliumaliza."

Kwetu Ukuria sikukua na desturi hiyo. Niliona ua, nikajua kilicho nje ya ua si cha boma. Mstari wangu mwekundu niliuchora nikifuata ojuok hatua kwa hatua, nikajisifu umenyooka. Nilimwacha binti wa watu upande wa pili wa mstari, kisha nikamfuta.

Chini kule Elkana alikuwa anapima kwa hatua mahali pa kuweka gati.

Nilihitaji maneno matatu tu: Mama, hapa panauzwa. Nilikuwa nayo mdomoni. Phelesia akaniangalia akingoja, maana aliona nataka kusema kitu.

"Haya maua ni mazuri," nikasema.

"Ero kamano, nyathina," akajibu. Yaani asante, mwanangu.

Nilijikaza nikamwambia Mayaka. Hilo nililifanya.

"Bosi, kile kichuguu ni kaburi."

"Nani amesema?"

"Mama yake."

"Jina lake liko kwenye hati?"

"Hapana."

"Basi ni kichuguu."

Dada yake Phelesia akafa huko Sori. Phelesia akaenda matanga siku nne. Javan alijua, maana ndiye aliyempeleka stendi na kumbebea mzigo. Siku ya tatu akaleta tingatinga.

Phelesia aliporudi alikuta udongo mwekundu kutoka kwenye ua wake hadi majini, umelala sawa kama meza. Mti hakuna. Mawe hakuna. Wanasema alisimama pale na mzigo kichwani mpaka jirani akaja kumtua.

Kesho yake akaenda kwa chifu. Chifu akasimamisha kazi na kuita baraza.

"Utaenda," Mayaka akaniambia. "Utakaa. Ukiulizwa kama picha ni yako, sema ndiyo, kisha nyamaza. Kunyamaza unakujua."

Baraza lilijaa. Wazee wawili walioshika majembe siku ya kumzika Beverly walikuwa wameketi nyuma ya Javan, kila mmoja na kofia mpya. Chifu akawauliza kaburi lilikuwa wapi.

"Ni zamani," mmoja akasema.

"Miaka mitatu ni zamani?"

"Siku hizi macho yangu hayakumbuki, chifu."

Watu wakacheka. Phelesia hakucheka.

Javan akasimama na picha yangu. Mayaka alikuwa ameichapisha kubwa kama mlango wa kabati.

"Chifu, hii ilipigwa kabla ya tingatinga. Tarehe hii hapa. Si mimi niliyeipiga, ni rubani mwenye leseni. Jina lake hili. Sasa shemeji yangu atuonyeshe kaburi."

Picha ikamfikia Phelesia. Aliishika kinyume, jirani akamgeuzia. Akaona boma lake, akaona paa lake. Akaweka kidole kwenye mlango wa nyumba, akakivuta taratibu kutoka nje ya ua, kama mtu anayetembea njia anayoijua. Kisha kidole kikasimama. Kikaenda kulia. Kikarudi. Kikazunguka juu ya nyasi zangu, kikakosa pa kutua.

"Alikuwa hapa," akasema. "Mbona hayupo?"

"Alienda dukani," mtu akajibu kutoka nyuma.

Hapo ndipo nilisimama. Sijui miguu ilitoka wapi.

"Nilifuta mimi."

"Sema kwa sauti, binti," chifu akasema.

"Nilifuta. Palikuwa na kaburi, nikalifuta."

Baraza likavuma. Nikatoa simu. Simu ninayorushia droni hubaki na nakala ndogo ya kila picha, kabla haijasafishwa. Nikaitafuta, nikampa chifu. Akaisogeza karibu na macho. Mti ulikuwepo. Tuta lilikuwepo na mawe yake.

"Hapa kuna kitu," chifu akasema.

Phelesia alikuwa amefika ubavuni mwangu. Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini, na nikajisikia mtu.

Mayaka akasimama. Hakuwa na haraka.

"Chifu, hata mimi sikatai kulikuwa na kitu. Naomba nisome tu ujumbe ambao huyu binti aliniandikia siku ile ile, kabla uji wa huyu mama haujambadilisha maneno." Akavaa miwani. "Kichuguu kimetoka, bosi. Picha ni safi." Akavua miwani. "Bhoke, ni wewe uliandika?"

"Ndiyo, lakini sikujua wakati huo..."

"Nimeuliza ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uliangalia kwa macho yako, kutoka juu na kutoka chini, ukaandika nini?"

Watu wote walikuwa wananitazama.

"Kichuguu," nikasema.

Kicheko kilichotoka hapo bado nakisikia nikifumba macho. Mmoja akasema nirudishwe chuo nikafundishwe mchwa. Javan alipangusa machozi ya kicheko kwa leso.

Phelesia akauachilia mkono wangu.

Chifu akagonga meza. "Basi njia ni moja. Twende tuchimbe. Tukimkuta mtu, mauzo yanasimama. Tusipomkuta, mama unaacha kesi."

"Mimi jembe ninalo kwenye gari," Javan akasema.

"Na huyo wa droni atupigie video!" mtu akapaza sauti.

Phelesia akangoja kelele ziishe.

"Mtamtoa mumwangalie?"

"Ni ushahidi tu, Mama," chifu akasema, na nilimwona akiangalia pembeni.

"Mbele ya hawa wote?"

"Sheria ni wazi kwa wote."

"Chifu, Beverly si muhogo wa kuchimbuliwa watu waone kama umeiva." Kisha akamgeukia Javan, akamwita kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko. "Shemeji, nikisema hakuna kaburi, utamwacha alale?"

Javan hakuchelewa hata kidogo, akamwita mama wa Beverly kwa lugha yao. "Hapo hatutagusa, Min Beverly. Tutapanda nyasi tu. Nakuapia."

Wakaandika karatasi. Chifu akamsomea kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo: mimi Phelesia nakubali kwamba kwenye shamba hilo hapajawahi kuwa na kaburi lolote. Akaweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza. Wino uliobaki akaupangusa kwenye gauni lake, kifuani, mara tatu, akatoka.

Kwenye gari la Mayaka, tulipopita Homa Bay mjini, akaninyooshea mkono.

"Lete hiyo simu. Hapana, shika wewe. Futa mbele yangu."

Nikafuta.

"Na kwenye takataka pia. Nasikia huwa zinakaa humo."

Nikaingia kwenye takataka ya simu. Picha ilikuwa pale, ndogo kama stempu. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Mayaka alikuwa amepunguza mwendo ili aone. Nikabonyeza ndiyo.

"Sasa tumeelewana. Jua hivi, Bhoke, ukiongea tena utafungwa wewe. Jina kwenye picha si langu." Tulipofika Rongo akaninunulia soda na chipsi.

Nilikula zote.

Jumamosi akaniletea mchoro wa hoteli ya Elkana, niuweke juu ya picha ili wateja waone itakavyokuwa. Vyumba huku, magari kule. Upande wa chini, kule kule mti ulikokuwa, palikuwa na mraba mweusi.

"Hii ni nini, bosi?"

"Shimo la maji taka. Choo cha vyumba arobaini si mchezo. Tingatinga linaanza Jumatatu asubuhi."

"Javan aliapa hapataguswa."

"Javan ameshalipwa, ameshasahau."

Nilishuka chini, nikajificha nyuma ya magunia ya mbolea, nikampigia Phelesia. Nambari yake niliichukua siku ya uji. Alinitajia mwenyewe, ili nimwambie mvua ikikaribia.

"Mama, ni Bhoke. Usikate."

Hakukata.

"Jumatatu wanachimba shimo la choo. Pale pale."

Nilisikia kuku, nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Aliapa," akasema.

"Najua, Mama. Pole."

"Pole yako sitaki. Sikiliza. Tangu tingatinga lipite nazunguka pale kila siku. Jana nilisema ni hapa, leo nasema ni pale. Mti wamechukua. Mawe wamechukua. Ua wa upande ule wameung'oa, hata hatua siwezi kuhesabu. Mimi niliyemzaa siwezi kumpata." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kesho watu watakuwa kanisani. Njoo unionyeshe. Nitamtoa mwenyewe, mikono yangu miwili, nimlaze ndani ya nyumba, chini ya kitanda changu. Wakisema ni mwiko, waseme nikiwa nimeshamlaza. Ile picha ya kwenye simu unayo?"

Msomaji, naomba unielewe, ingawa sistahili. Alikuwa amesema njoo. Baada ya yote yale alikuwa ameniambia njoo.

"Ninayo, Mama."

Jumapili nilifika saa nne. Ngoma za kanisa zilisikika kutoka ng'ambo ya barabara. Phelesia alikuwa ameketi kwenye udongo mwekundu, jembe mapajani, na kando yake shuka nyeupe iliyokunjwa. Ilinuka sabuni. Alikuwa ameifua kwa ajili hiyo.

"Fungua simu."

Nikafungua picha pekee iliyobaki humo, ile niliyoisafisha, nikaielekeza simu upande wangu.

"Jua linapiga kwenye kioo, Mama, hutaona vizuri. Wacha droni ituonyeshe."

Nikairusha. Ikapanda, ikazunguka, ikalia kama nyuki wake wa siku ile. Nilikuwa natazama udongo tu, udongo mtupu, kila mahali sawa na mahali pengine. Nilijua ni upande wa chini, zaidi ya hapo sikujua. Phelesia alikuwa anaifuata kwa macho, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayemwona mgeni aliyemsubiri akishuka barabarani.

Pale ambapo udongo ulikuwa umekoza kidogo, nikaishusha.

"Hapa."

"Una hakika?"

Kwa mara ya pili wiki hiyo nilikuwa naulizwa swali hilo.

"Ndiyo, Mama."

Akapiga magoti. Akavua kitambaa cha buluu, akabaki na mvi zake, akalaza viganja vyote viwili chini.

"Beverly," akasema. "Ni mama. Usishtuke."

Kisha akashika jembe.

Alichimba bila kupumzika. Shimo likamfika magotini, hapakuwa na kitu. "Walichimba kirefu," akasema, "niliwaambia wachimbe kirefu." Mapajani hapakuwa na kitu. Udongo ulitoka mgumu, wa tangu na tangu, wenye mizizi midogo ambayo haijawahi kukatwa na mtu. Hata mimi mtoto wa chuo niliona kwamba udongo ule haujawahi kufukuliwa. Yeye hakutaka kuona. Alikuwa anaupokea kwa mikono, anaumwaga kando polepole, asije akamwangushia mtu.

Mwishowe pumzi ikamwisha. Akatoka, akaketi kwenye ukingo, akaninyooshea jembe.

"Shika, nyathina. Wewe macho yako yalimwona."

Nikavua viatu, nikaingia. Shimo lilinifika kiunoni. Nikachimba, huku nalia, naye akadhani namlilia Beverly.

"Nyamaza," akaniambia. "Karibu tumfikie. Wacha nipumzike naye kidogo."

Sikuelewa alichosema mpaka nilipoinua kichwa. Simu nilikuwa nimeiacha juu ya shuka, imerudi kwenye picha ile safi. Alikuwa ameiokota, anaipangusa kioo kwa ncha ya gauni, pale pale penye madoa ya wino. Akajigeuza akalipa jua mgongo, simu ikaingia kwenye kivuli chake.

"Mama, ngoja, nitakuonyesha mimi..."

Kidole chake kilikuwa kimeanza kutembea kwenye kioo. Kikatoka mlangoni kwake. Kikapita ua.

Kikasimama.

Ngoma za kanisa zilikuwa zimenyamaza, na watu walikuwa wameanza kushuka kwa njia, nasikia vicheko vyao, na kimoja nilikijua ni cha Javan. Phelesia hakuwageukia. Alikuwa ananitazama mimi, chini mle ndani.

"Bhoke," akasema. "Mbona hii ina nyasi tu?"